Kununua manga, kalamu na zawadi kwenye duka la vitabu la Kijapani: tuelekezane hapa

BintiPangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nipo Saitama, mwaka wa pili wa masomo, na mwezi ujao naenda Tanga kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Mliowahi kurudi nyumbani kutoka Japani mnajua simu zinavyoanza kuita. Mpwa wangu wa miaka 14 anataka manga, zile hadithi za katuni za Kijapani, na vifaa vya kuchorea. Mama anafundisha darasa la kwanza, anataka penseli. Kaka anaoa. Shangazi anasema nilete chochote, na hapo ndipo kichwa kinaniuma zaidi.

Jumamosi nimeshinda Shinjuku, Tokyo, kwenye duka kuu la vitabu la Kinokuniya, toka walipofungua saa nne na nusu mpaka magharibi. Nimetoka na mifuko miwili na mambo mengi ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Nitayaandika kidogo kidogo, nanyi wenye uzoefu ongezeni.

Kwanza duka lenyewe. Ukitoka kituo cha Shinjuku upande wa mashariki ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, jengo la mwaka 1964 lililosanifiwa na Maekawa Kunio, na ndani yake, ghorofa ya 4, kuna ukumbi wa tamthilia. Duka lilianzishwa mwaka 1927 na Tanabe Moichi, ambaye ukoo wake walikuwa wauza kuni na mkaa. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto wa miaka kumi hivi baba yake alimpeleka Maruzen, duka lililoanza mwaka 1869 na lililokuwa likileta vitabu vya Ulaya, akaona vile vitabu vya kigeni vimepangwa rafuni na tangu siku hiyo akataka kuuza vitabu. Nimeipenda habari hiyo kwa sababu ya mpwa wangu. Mtoto akishaona kitu kizuri kimepangwa vizuri, hakimtoki.

Sasa la muhimu. Ukifika kwa keshia na kitu kinachoonekana kama zawadi, swali utakaloulizwa ni "go-jitaku-yō desu ka?", yaani, ni cha kutumia nyumbani kwako? Ukisema hapana, ni zawadi, kazi inabadilika: bei inabanduliwa, karatasi inatolewa, kitu kinafungwa kwa mshazari kwa mikunjo ambayo mpaka leo siielewi, kinatiwa utepe. Siku hiyo niliulizwa swali hilo mara nne, na mara ya nne nikagundua kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza vizuri. Nilikuwa nachukua vitu kwa uzuri wake. Nikarudi ndani, nikarudisha nusu ya nilivyobeba, nikaanza upya: hiki ni cha nani, na atakitumia wapi?

Nikipata nafasi jioni naendelea na manga.

Mzizima77

Dada umenigusa. Mimi nipo Dar, mdogo wangu yuko Osaka, na kila mara nikimwagiza kitu ananiuliza "ya nani?" nikadhani ananibania. Endelea tunakusoma.

BintiPangani

Naendelea, na hapa kwenye manga nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela inapopotea.

Jambo la kwanza ni lugha. Kitabu kile kile kipo cha Kijapani na cha Kiingereza, na havikai pamoja. Kwenye duka kuu la Shinjuku utapata bahari ya Kijapani. Vya Kiingereza vipo kwenye tawi lao la vitabu vya kigeni, upande wa kusini wa kituo, jengo la kusini la Takashimaya Times Square, ghorofa ya 6. Kutoka hapa hadi kule ni kama dakika kumi kwa miguu. Tofauti ya bei ni kubwa: kitabu cha Kijapani cha wavulana kinacheza kwenye yen 500 hadi 600, cha Kiingereza kimeletwa kwa meli au ndege na kinazidi mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Watu wengi wanadhani manga ni rahisi Japani. Ni rahisi kwa Kijapani.

Mpwa wangu hasomi Kijapani, lakini kanitumia ujumbe kwamba anataka "ile yenyewe". Nikawaza sana. Anachora. Anachotaka kukiona ni mstari, jinsi kurasa zinavyopangwa, maandishi ya sauti yaliyochorwa kwa mkono ambayo kwenye matoleo mengine hufutwa au huwekewa tafsiri pembeni. Kwa hiyo nimechukua mbili za Kijapani na mbili za Kiingereza za hadithi hiyo hiyo, namba 1 na namba 2, aziweke kando kando. Nadhani ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote siku ile.

Kama mtoto anajifunza Kijapani, tafuta za wavulana au wasichana, ambazo karibu kila herufi ya kanji (zile ngumu zenye asili ya Kichina) ina herufi ndogo za hiragana (zile rahisi za kuandika sauti) pembeni za kumwonyesha inavyosomwa. Za watu wazima mara nyingi hazina. Na sisi tuna bahati: irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o, zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mtoto wa Tanga akishajua hiragana atasoma kwa sauti bila shida kubwa hata kabla hajajua maana.

Jambo la pili ni umri. Wazazi naomba mnisikilize. Manga si jina la vitabu vya watoto. Zipo za watoto, za vijana, za watu wazima, na nyingine hazifai hata kufunguliwa mbele ya wakwe. Na madukani huku zimefungwa nailoni, huwezi kupekua. Vya Kiingereza vya mchapishaji Viz vina alama nyuma: T ni vijana, T+ ni vijana wakubwa, M ni watu wazima. Vya Kijapani angalia vimewekwa rafu gani na ukubwa wake: vya wavulana na wasichana huwa vidogo, upana kama sentimita 11, na vya watu wazima mara nyingi ni vipana zaidi, sentimita 13 hivi. Si kanuni ya chuma, muulize mhudumu ukiwa na shaka. Baadhi ya rafu zina vijitabu vya kuonja sura ya kwanza, tumia hivyo.

Kijana_wa_Eastlands

Sasa, niko Nairobi na nimezoea kusoma kwa simu. Niko na swali mbili. Nikimwagiza mtu aliye huko, anitafutie mahali pa bei ya chini ama bei ni sawa kila mahali? Na ile karatasi inakuwa imezunguka kitabu chini, ni ya kutupa?

BintiPangani

Kaka, kitabu kipya bei yake Japani ni moja nchi nzima. Mchapishaji ndiye anayeipanga, sheria inamruhusu kumfunga muuza duka asiishushe, na imeandikwa nyuma ya kitabu pamoja na kodi ya asilimia 10 inayoongezwa. Kitabu kipya cha wachapishaji kama Shueisha au Kodansha utakachokikuta Shinjuku ndicho hicho cha kijijini Hokkaido, kwa bei hiyo hiyo. Kwa hiyo asipoteze nauli kuzunguka. Kalamu na madaftari ndivyo vinavyotofautiana duka hadi duka.

Ile karatasi inaitwa obi, kama mshipi wa kimono. Ina maneno ya kukisifia kitabu. Wanaokusanya vitabu huitunza, na kitabu kikiwa nayo kinaonekana kipya. Usiitupe kama ni zawadi.

Ukinunua, keshia pia atakuuliza kama akivalishe kitabu. Ukikubali anakunja karatasi ya duka, anakivika pale pale, bure. Mara ya kwanza kuona nilisimama nikatazama mpaka mwisho, kwa sababu ni kujalidi kule kule. Kila Januari mama alikuwa anatukalisha mkekani na karatasi za kaki na magazeti, tunajalidi madaftari yote kabla shule hazijafunguliwa, na ole wako pembe ikae vibaya. Huyu binti wa Shinjuku alikuwa anapiga pembe kama mama.

Soko_la_Mitumba

Mimi nitapingana kidogo. Niliishi Kanagawa miaka minne. Kwa nini umpe mtu hela ya kitabu kipya wakati Book Off wanauza cha mkono wa pili yen 110? Ile bei moja ya nchi nzima haihusu vitabu vilivyotumika. Nilinunua vitabu thelathini kwa hela ambayo hapo Shinjuku ungepata sita. Vilikuwa safi, hata mstari wa penseli hamna. Kule watu wanatunza vitabu jamani.

BintiPangani

Mkuu sikupingi, na kwa mtu anayejifunza lugha ndiyo njia. Mimi mwenyewe vitabu vyangu vya mazoezi vyote nimevitoa huko. Lakini kuna mambo mawili. Rafu ya yen 110 ina namba 3, 7 na 12 za hadithi, namba 1 imeshachukuliwa, na mtoto anaanzia namba 1. La pili, mchoraji halipwi chochote kitabu kikiuzwa mara ya pili. Mpwa wangu anataka kuwa mchoraji. Nilitaka nikimkabidhi nimwambie kwamba aliyekichora amepata senti yake hapa.

Uzito nao usisahauliwe. Kijitabu kimoja ni kama gramu 150 hadi 200. Thelathini ni kilo nne na nusu hadi sita za begi lako.

Soko_la_Mitumba

Hapo kwenye mchoraji umenishika. Sikuwahi kulifikiria.

Kalamu_Nyeusi

Nachora katuni Dar, miaka kumi na moja sasa, kwa hiyo kwenye vifaa vya mpwa wako naomba nisaidie.

Usimnunulie seti kubwa ya maka za rangi. Najua zinavutia. Copic wana rangi 358 na kila mtoto anayechora anaziota, lakini maka moja ni ghali, wino unaisha, na rifili yake Tanga ataipata wapi? Atachora wiki tatu kisha ataziweka kabatini na kuzitazama. Mnunulie nibu. Manga nyingi zilichorwa, na nyingine bado zinachorwa, kwa nibu ya chuma inayochovywa kwenye wino. Inaitwa G-pen, zinatengenezwa na Zebra, Nikko na Tachikawa. Mpini wake mmoja wa kushikia, nibu kumi, chupa ndogo ya wino mweusi, basi. Ukikandamiza mstari unanenepa, ukiachia unakuwa kama unywele, na hapo ndipo mkono unapojifunza.

Mwambie mambo haya. Nibu mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, aifute kwanza kwa kitambaa au wino utateleza. Akimaliza aioshe na kuikausha kabisa, maana unyevu wa pwani utaila kwa siku mbili. Nimepoteza nyingi hivyo. Chupa ya wino iingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani ya begi kubwa.

Karatasi za manga za wataalamu ni B4, zina mistari ya buluu hafifu ya kupimia. Zipo na za A4 kwa wanaoanza, chukua hizo: zinaingia begini bila kukunjwa na zinaingia kwenye skana ya stationery yoyote hapa mtaani.

BintiPangani

Kaka Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshaishika seti ya maka 36 nikairudisha kwa sababu ya bei tu, sikujua hayo ya rifili. Jumamosi hii nafuata nibu. Hapo hapo Times Square kwenye vitabu vya Kiingereza kuna Hands, ghorofa kadhaa, na vifaa vya kuandikia na kuchorea viko humo.

Nimalizie vya kuandikia sasa.

Penseli za mama. Shule nyingi za msingi za Kijapani huwataka watoto wa darasa la kwanza watumie 2B au B, si HB. Nilishangaa mpaka nilipoeleweshwa na mhudumu: mtoto mdogo hana nguvu mkononi, penseli laini inaandika weusi bila kukandamiza, vidole havichoki na karatasi haitoboki. Mama ana watoto zaidi ya tisini darasani, na ananiambia kila mwaka wanatoboa madaftari. Nimechukua dazeni sita za 2B na vifutio vya Mono vya Tombow, vile vya mistari ya buluu, nyeupe na nyeusi. Vimetengenezwa kwa umbo hilo tangu mwaka 1969 na vinafuta bila kuacha uchafu mweusi.

Kwenye rafu za kalamu kuna vipande vya karatasi vya kujaribia. Nimejaribu nyingi sana. Kila mtu anaandika neno lake, nimekuta jina la mtu, ua, hesabu ya mtoto. Nimeandika Tanga, Tanga, Tanga mpaka karatasi ikajaa. Kwa ajili ya binamu yangu aliye chuo nimechukua Kuru Toga, penseli ya Uni ambayo ndani ina kigurudumu kinachozungusha risasi kidogo kila unapoinua mkono, kwa hiyo ncha hailiki upande mmoja.

Daftari nyingi huku ni B5, ndogo kuliko A4. Usitegemee kaunta buku. Mistari ya A ni milimita 7, ya B ni milimita 6. Mwenye mwandiko mkubwa mpe A.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna kalamu ambazo wino wake unafutika kwa kusugua kwa kile kiraba cha nyuma. Haufutwi na raba, unafutwa na joto: ukifika nyuzi 60 hivi rangi inapotea. Mwaka jana nilimtumia kaka yangu pakiti nzima kupitia mtu aliyekuwa anarudi. Kaka ana duka, ana daftari la wadeni. Akaandika miezi miwili. Siku moja akaliacha daftari juu ya dashibodi ya gari, jua la saa saba la Tanga, madirisha yamefungwa. Aliporudi kurasa zilikuwa nyeupe. Alinipigia simu akidhani kuna mtu kambadilishia daftari.

Nilitafuta nikaona kwamba baridi kali hurudisha rangi. Nikamwambia, akaliweka daftari kwenye friza la jirani anayeuza samaki, usiku kucha, ndani ya mfuko. Asubuhi maandishi yalikuwa yamerudi, hafifu, lakini yanasomeka, akayanakili yote kwa bolipeni ya kawaida. Tulishukuru sana. Kalamu zile ni nzuri kwa mwanafunzi wa kuchora ramani au kupanga ratiba. Kwa hundi, mtihani, fomu ya serikali au daftari la deni, msimpe mtu wa nchi ya joto.

Mzizima77

Friza la samaki limeokoa madeni! Namtumia uzi huu mke wangu sasa hivi, ana kalamu hizo na ndizo anazoandikia kumbukumbu za kikoba.

BintiPangani

Shemeji aache leo leo. Anakili kwanza, kisha azitumie kwa mambo mengine.

Nahodha_wa_Khor

Assalaam aleykum. Mimi mtu wa Unguja, nipo Dubai mwaka wa tisa. Nataka kuongeza kwa wale wanaopita huku. Kinokuniya ipo Dubai Mall tangu 2008, na ni kubwa mno, unaweza kupotea. Vitabu vya Kiingereza ndivyo vingi, kuna Kiarabu, Kijapani na vyenginevyo. Manga za Kiingereza zimejaa rafu kwa rafu na wanangu wawili ukiwapeleka hawataki kutoka. Kalamu za Kijapani na madaftari pia yapo.

Wafanyabiashara wetu wanaokuja huku kuchukua mzigo kila siku wananiuliza wawapelekee nini watoto, wanaishia kununua midoli. Basi waende hapo. Na dada yangu, kama ndege yako inapita Dubai na una muda na viza ya kutoka, vile vya Kiingereza nunua huku utie kwenye begi la mkononi. Begi kubwa linakuwa limeshapimwa Tokyo.

BintiPangani

Waaleykum salaam kaka yangu. Ushauri mzuri, napita Dubai kweli, ila saa tatu tu. Safari nyingine inshallah.

Mama_wa_Jersey

Nami niongeze kwa walio Marekani. New York tawi lao linatazamana na bustani ya Bryant Park. Manga ziko juu, pamoja na mgahawa mdogo, na vifaa vya kuandikia viko chini kabisa. Msipite hapo mlangoni mkaondoka. Binti yangu tunaenda naye kila anapofaulu, na nimekuwa nikinunua kule chini zile tepu za karatasi zenye maua kwa ajili ya kadi. Dada, hizo tepu unazijua habari yake?

BintiPangani

Dada nazijua na nimezinunua kwa shangazi! Zile za chapa ya mt zinatengenezwa na Kamoi Kakoshi, kiwanda cha Kurashiki kilichoanza mwaka 1923 kutengeneza karatasi za kunasia nzi. Baadaye wakawa wanatengeneza masking tepu, ile ile ya mafundi rangi wa gereji. Mwaka 2006 wanawake watatu waliokuwa wanatengeneza kijitabu kuhusu tepu hizo waliwaandikia wakiomba kuja kuona kiwanda, kisha wakawaomba rangi zaidi, na hapo ndipo zikazaliwa hizi za maua na mistari. Inabanduka bila kuchana karatasi wala kuacha gundi, ndiyo maana fundi anaipenda na mwenye kadi anaipenda. Shangazi yangu anapika keki za shughuli, anafunga maboksi usiku kucha kwa selotepu ya kahawia. Nimemchukulia kumi na mbili, za rangi tulivu, azifungie maboksi. Sikuwa nimempatia jibu mpaka nilipojiuliza mikono yake inafanya nini kutwa.

Na hapo hapo nimemwekea furoshiki mbili, vile vitambaa vya mraba vya kufungia mizigo. Sikumnunulia ili nimfundishe. Mwanamke wa pwani aliyekua akifunga kila kitu kwa kanga atanifundisha yeye.

Sasa bahasha. Hili niliahidi moyoni nitaliandika hata kama ni la mwisho.

Kila duka kubwa la vitabu au vifaa huku lina rafu ya bahasha za kuwekea pesa. Nilitaka ya harusi ya kaka. Nikaona moja nzuri kuliko zote: karatasi nyeupe nzito, imefungwa kamba nyembamba zilizosokotwa, nyeusi na nyeupe, fundo limekaa katikati kama limechorwa. Nikaipenda. Nikaipeleka kwa keshia, nikamwambia kwa Kijapani changu kwamba ni ya harusi ya kaka yangu. Yule binti alinyamaza. Akaiweka chini taratibu, akatoka nyuma ya kaunta, akaniambia twende. Akanipeleka mpaka kwenye rafu, akanionyesha kwa kidole, bila kuinua sauti hata kidogo. Kamba nyeusi na nyeupe ni za msiba. Ile ilikuwa bahasha ya rambirambi.

Nilishika kifua. Kisha akanieleza, na nimeyaandika yote. Nyekundu na nyeupe, au dhahabu, ni za furaha. Lakini hata hizo zinatofautiana kwa fundo. Fundo la kipepeo, ambalo ukivuta ncha linafunguka na unaweza kulifunga tena, ni la mtoto kuzaliwa na mambo mema yanayoombewa yajirudie. Fundo la harusi halifunguki, ukivuta linakaza zaidi, kwa sababu harusi inaombewa iwe mara moja tu. Kwa harusi weka noti mpya, kwa msiba usiweke mpya kabisa, isije ikaonekana ulikuwa umejiandaa.

Nimeondoka na bahasha ya fundo lisilofunguka. Nitamweleza kaka na wifi maana yake siku hiyo hiyo, mbele ya wazee.

Rafu iliyofuata ina vibahasha vidogo vya kiganja, pochibukuro. Wajapani huwapa watoto pesa ya mwaka mpya ndani yake. Nimevitazama nikaona mkono wa Idi. Kwetu mtoto anapewa noti imekunjwa, anaiweka kwenye soksi, anaipoteza kwenye bembea. Nimechukua pakiti nane. Noti ikikunjwa mara tatu inaingia.

Nahodha_wa_Khor

Subhanallah, hiyo ya pochi nitaitafuta hapa kabla ya sikukuu. Ahsante sana dada.

Mgeni_Narita

Samahani wakuu, mimi ni mgeni jukwaani. Nipo Tokyo kwa mafunzo ya wiki tatu na narudi Dodoma Jumatatu. Nina yen 20,000 na watoto watatu, wa miaka 5, 9 na 16. Sijui Kijapani hata neno. Kodi narudishiwa au hairudi?

BintiPangani

Karibu kaka. Mimi mkazi sinufaiki na hilo ila wewe mgeni wa muda mfupi unanufaika. Uliza kwenye duka lenye alama ya tax-free, beba pasipoti yenyewe, kivuli hakikubaliki. Manunuzi ya siku moja kwenye duka moja yafike yen 5,000 kabla ya kodi. Kwa watakaosoma uzi huu baadaye: kuanzia Novemba 2026 utaratibu unabadilika, unalipa na kodi kwanza kisha unarudishiwa unapotoka nchini.

Dukani pesa usimpe keshia mkononi, weka kwenye kisahani kilicho mbele yako. Mfuko wa plastiki unalipiwa, beba wako. Usipige picha kurasa za vitabu.

Wa miaka 5 mchukulie karatasi za origami, zile za kukunja maumbo, hazina lugha. Wa 9 penseli za B na kifutio, na kitabu kimoja cha picha. Wa 16 niambie anapenda nini. Je, anachora, anaandika, anasoma Kiingereza vizuri?

Mgeni_Narita

Wa 16 ni binti, anaandika shajara kila usiku tangu mama yake afariki. Hamwonyeshi mtu.

BintiPangani

Pole sana kaka yangu. Pole yeye.

Basi huyo usimnunulie manga. Ukiwa karibu na kituo cha Tokyo nenda Maruzen ya Marunouchi, jengo la Oazo, ghorofa ya 4, kuna kona ya kalamu na madaftari. Mtafutie daftari la karatasi nzuri, mistari ya milimita 7, na kalamu ya wino ya kawaida yenye rifili, uchukue rifili sita pamoja nayo. Ile ya kufutika kwa joto usichukue, maneno yake yasije yakapotea. Keshia akikuuliza swali refu, sema "purezento", watakufungia.

Ukitaka tuende pamoja, Jumamosi nipo Shinjuku kufuata nibu. Nitasimama mbele ya Kinokuniya, upande wa barabara kubwa, saa nne na robo, kabla hawajafungua. Nitavaa kanga ya bluu begani.

Mgeni_Narita

Nitakuwepo dada. Nitakuja na orodha.